Rais Awe Mzaliwa wa Uwanja

Shemeji yangu ni mtu wa kubisha. Ukimwambia leo jua kali, atatoka nje kwanza, atazame juu, kisha aseme si kali, ni kali kiasi. Pale kwenye uwanja wetu wa samani walimpa jina la Msasa, na wateja hudhani ni kwa sababu ya kazi yake ya kusugua mbao na kuzipaka vanishi. Sisi tunaomjua tunajua jina lilitokana na mdomo. Mimi namwita Shemeji kwa kuwa amemwoa dada yangu mkubwa, na kwa haki hiyo ya ushemeji nitamsema hapa bila kumumunya maneno. Akininunia, atanuna na chai yake.

Uwanja wenyewe ni safu za mabanda ya mabati zilizozungushiwa ukuta, geti moja la chuma mbele na bomba moja la maji katikati. Kushoto wako maseremala, kulia wako wanaovisha makochi, na nyuma kabisa wako watu wa vanishi, kwa maana vumbi la mbao likitua juu ya vanishi mbichi kazi ya siku nzima imekufa. Cherehani yangu iko kwenye kona ya banda la Shemeji. Nashona foronya za mito ya makochi, na kwa kuwa cherehani ni kazi ya miguu na mikono tu, masikio yangu yapo huru mchana kutwa.

Shemeji alizaliwa nchi jirani. Mama yake alivuka naye mpaka akiwa mgongoni, hajaota hata jino. Amekulia hapa, amesoma hapa, alipofikia umri akaomba uraia akapewa, akaoa hapa, akawazika wazazi wake hapa. Lugha ya kule alikozaliwa anajua salamu na tusi moja, na hilo tusi alifundishwa na dereva wa lori. Mteja akimuuliza, "Wewe fundi ni mtu wa wapi?" humjibu, "Wa banda la nyuma. Ukifika bombani pinda kushoto." Nilidhani ni mzaha. Sikujua alikuwa analinda kidonda.

Sasa nieleze serikali yetu, maana bila hiyo hamtanielewa. Zamani fundi mmoja tunayemwita Baba wa Makabati alitaka kuanzisha chama cha mafundi wa uwanja. Ofisi ya mji ikamwambia chama lazima kiwe na katiba. Naye hakujua katiba inaandikwaje. Wakati huo alikuwa anamtengenezea mwalimu fulani kitanda, basi akaazima kwake katiba ya nchi, akaketi nayo akaipunguza kidogo na kuinakili. Kwa hiyo sisi hatuna mwenyekiti na katibu kama vyama vya watu wengine. Tuna Rais, tuna Makamu, tuna Baraza la Mawaziri. Waziri wa Maji ndiye mwenye ufunguo wa bomba. Waziri wa Mambo ya Nje anashughulikia kila kilicho nje ya geti, yaani lori la taka na jirani mwenye mbwa. Waziri wa Ulinzi ni mlinzi. Tumeshazoea, hatucheki tena. Mtu akija asubuhi na ndoo akasema Waziri amechelewa kuamka, anazungumzia ndoo yake.

Baba wa Makabati alikuwa Rais tangu siku ya kwanza. Mwaka huu macho yalimzidi, akawa anapima mbao kwa kidole, akasema, "Wanangu, tafuteni mwingine, mimi naenda kukaa nyumbani." Kwa bahati, au kwa mkosi, wiki hiyohiyo redio ilikuwa haina habari nyingine ila mjadala wa bungeni: je, raia aliyezaliwa nje ya nchi aruhusiwe kugombea urais?

Redio ya banda letu hukaa juu ya kopo tupu la vanishi. Alhamisi mchana Shemeji alikuwa anakula na Maranda, seremala wa banda la kwanza, rafiki yake wa damu. Hao wawili hula sahani moja kila siku ya kazi. Dada yangu anapika, Maranda analeta matunda, na mimi hunyimwa kwa sababu eti wanaume wana mazungumzo.

"Mimi sioni tatizo," Shemeji alisema. "Mtu ni raia au si raia. Kama kuna raia nusu, basi alipe kodi nusu."

"Raia ni raia, sikatai," Maranda alisema. "Lakini urais si kazi ya kupaka rangi, bwana. Mwenye nyumba mbili, hii ikivuja anahamia ile. Mimi nataka rais ambaye ikivuja tunalowa wote."

"Na aliyeingia kwenye hii nyumba akiwa mtoto mchanga, hiyo nyingine hata mlango wake haujui?"

"Huyo naye, siku moja damu itamwita."

"Yangu haijawahi kuniita. Labda haina namba yangu."

Walicheka wote, na mimi nikacheka na uzi mdomoni. Hapo ndipo Shemeji, kwa ile furaha ya kushinda hoja, akatangaza kwamba atagombea urais wa uwanja. Alisema ana mipango. Bomba la pili. Paa la plastiki la kukinga vanishi na vumbi. Nilijua kwamba ameifikiria siku nyingi, maana aliitaja bila kusitasita.

Maranda alinawa mikono taratibu mno. Kisha akasema, bila kumtazama, "Ila hata katiba yetu ina kile kifungu. Baba wa Makabati aliwahi kutuambia. Rais awe mzaliwa."

"Mzaliwa wa wapi?"

"Wa hapa."

"Unanisema mimi."

"Naisema katiba, ndugu yangu. Mimi siwezi kukusema wewe."

Nikangoja Shemeji abishe. Cherehani niliisimamisha kabisa ili nisikie vizuri. Hakubisha. Alichukua kipande chake cha msasa, akaenda kwenye meza ya mteja, akaanza kusugua mguu ambao tayari ulikuwa laini. Maranda akasimama kidogo, akaondoka na matunda yake. Niliogopa, kwa kweli. Mtu asiyenyamaza hata usingizini akinyamaza mchana, pana jambo.

Nyumbani, maana naishi kwao, ilikuwa vilevile. Dada alisahau chumvi kwenye mboga na mume wake akala bila neno. Dada akaniangalia, nami nikamwonyesha kwa macho kwamba nitamweleza baadaye. Haikuwa lazima, kwa sababu Shemeji alisema mwenyewe.

"Miaka yote hii nakula naye sahani moja," alisema. "Nilidhani tunakula wawili. Kumbe mmoja alikuwa anamkarimu mgeni."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Dada alisema. "Wewe jembe ulishapewa, umelima mpaka mpini umevunjika. Sasa wanataka kukuambia shamba si lako? Hebu nenda kwenye huo mkutano."

"Siendi kuomba."

"Nani amesema uombe? Kwani tangu lini wewe umejua kuomba? Nenda ukabishe."

Jumamosi tukakutana. Mkutano wa uwanja wetu hufanyika katikati, karibu na bomba, na kila mtu huketi juu ya samani anayoitengeneza. Kwa hiyo kuna waliokaa kwenye viti vya enzi visivyo na mto, kuna waliokaa kwenye vitanda, na fundi mmoja alikaa ndani ya kabati kwa sababu siku hiyo hakuwa na kingine. Baba wa Makabati aliletwa na binti yake. Katiba ilikuwa imefungwa kwenye plastiki ya kufunikia makochi, na kwa kuwa sauti yangu inafika mbali, nikapewa mimi niisome.

Maranda alikuwa amekaa mbele, amejikunyata. Shemeji alisimama nyuma, mikono kifuani. Kati yao pangepita lori.

Nikasoma. "Mtu hatastahili kuchaguliwa kuwa Rais wa Uwanja isipokuwa awe amezaliwa ndani ya mipaka ya Uwanja."

Maranda akainua kichwa.

"Soma tena," Maranda alisema.

Nikasoma tena, na nikaendelea na kifungu kinachofuata, maana kilikuwa kinaelezea. "Mipaka ya Uwanja ni ukuta wa pande tatu, na kwa upande wa mbele, geti la chuma."

Watu wakaanza kutazamana. Yule wa ndani ya kabati akatoa kichwa. "Ngoja kwanza," alisema. "Ina maana mimi siwezi?"

"Wewe umezaliwa wapi?" Waziri wa Maji alimuuliza.

"Hospitali."

"Basi wewe ni wa kuja."

"Na wewe?"

Waziri wa Maji akafikiri, akaushika ufunguo wa bomba kama mtu aliyeambiwa ataporwa.

Maranda akasimama. "Jamani, hapa pana kosa la kunakili. Baba, ulikusudia nchi, sivyo?"

Baba wa Makabati akaketi wima. Hapendi kuambiwa amekosea kipimo. "Hakuna kosa," alisema. "Palipoandikwa nchi, mimi niliandika uwanja. Kila mahali. Sikuruka hata mahali pamoja."

"Sasa wewe ulikuwaje Rais, na wewe ni mzaliwa wa kijijini?"

"Rais wa kwanza hujiteua. Kipo kifungu. Nilikiweka mwenyewe."

Mbavu sina. Nilicheka mpaka plastiki ikaniponyoka mkononi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ndivyo wasemavyo, na Maranda alikuwa ameingia na randa yake. Nilimtazama Shemeji nikitegemea na yeye anacheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa anawatazama wote, mmoja mmoja, wakihangaika kueleza walizaliwa wapi na kwa sababu gani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona wenzake wamevaa viatu vyake kwa mara ya kwanza.

Ndipo binti wa Baba wa Makabati akasema, "Lakini yupo mmoja aliyezaliwa humu."

Wote tukageuka kumtafuta Kochi.

Kochi ni fundi wa kuvisha makochi, mpole, mnene, asiye na ugomvi na mtu. Mama yake alikuwa anauza chai hapa. Siku ya kujifungua alikuwa anaelekea hospitali, uchungu ukamkaba kabla hajafika getini, wakamlaza kwenye kochi lililokuwa linangoja kitambaa. Ndipo mtoto akapata jina. Kochi lenyewe mwenye mali alikuja kulichukua, akalisifu, wala hakuambiwa kitu. Sasa huyu mzaliwa wa uwanja, katika mkutano huo wa kuamua hatima ya taifa letu, alikuwa amelala juu ya mafungu ya sponji.

"Kochi. Amka, umekuwa Rais."

Akafumbua jicho moja. "Nimefanya nini?"

Haikuwa mzaha kabisa. Katiba ileile ilisema haiwezi kubadilishwa pasipo sahihi ya Rais, na Rais hatukuwa naye, na aliyestahili kuwa Rais ni mmoja tu katika dunia nzima. Tukamwapisha. Hatukuwa na kitu cha kushika, akashika futi ya kupimia. Akakaa kwenye kiti cha enzi kisicho na mto, akajisogeza, akauliza kama hakuna chenye sponji.

"Haya," Kochi alisema alipotulia. "Hiki kifungu mnataka kikae au kitoke?"

Watu wakasema kitoke, kitoke. Lakini Shemeji akainua mkono, na nilijua kifua kimemjaa.

"Mnakitoa kwa sababu leo kimewagusa ninyi," alisema. "Sawa. Lakini Alhamisi kilipokuwa kinanigusa mimi peke yangu, hakuna aliyekiona kibaya. Mimi sikuchagua kuzaliwa kule. Kochi naye hakuchagua kuzaliwa hapa, mama yake alikuwa anakimbilia hospitali." Watu wakacheka, Kochi akatikisa kichwa kukubali. "Sisemi mnichague. Nikatalieni. Ila mkinikataa, mnikatae mimi. Msimkatae mtoto wa mgongoni aliyevushwa mpaka. Huyo hajawakosea kitu."

Akarudisha mikono kifuani bila kungoja kubishiwa. Hajawahi kufanya hivyo, hata siku ya mahari alipokwenda kujitetea mbele ya baba yetu.

Maranda akasimama. Nilidhani ataomba radhi haraka haraka kama watu wanavyofanya wakibanwa. Hakufanya hivyo, na kwa hilo namheshimu.

"Mimi siwezi kudanganya mbele ya watu," alisema. "Lile nililosema juu ya Ikulu, bado ninalo moyoni. Nchi ni kubwa, watu hawajuani, na mtu asiyejulikana unamwangalia kwanza alikotoka. Labda nakosea. Lakini Alhamisi nilikuwa nazungumzia hao, watu wa kwenye redio. Sikufikiri kama nakuzungumzia wewe."

"Na mimi ni nani, kama si wale?"

"Wewe ni Msasa," Maranda alisema, kama kwamba swali lilikuwa la kijinga. Kisha akamtazama usoni. "Nimekula peke yangu siku mbili. Chakula hakipiti. Kifungu kitoke."

Shemeji akakohoa. "Ya Ikulu tutabishana Jumatatu," alisema.

"Tutabishana."

Rais akatia sahihi, akauliza kama sasa anaweza kurudi kwenye sponji zake. Tukamwambia hapana, yeye ni kiongozi mpaka uchaguzi Jumamosi ijayo.

Wiki ile Shemeji alifanya kampeni, na Mungu atusamehe. Alipita banda kwa banda. Kwa maseremala alieleza bomba la pili, kisha hakuweza kujizuia, akawaonyesha kiungo cha meza kilicholegea, mteja akiwa amesimama palepale. Kwa wavisha makochi alieleza mambo ya vumbi mpaka wakaanza kupiga chafya. Kila aliyeuliza swali alijibiwa majibu matatu, na la tatu lilimkosoa muulizaji. Huku Kochi, Rais wa muda, alipokea mashauri akiwa amejilaza. Waliogombana walikuja kwake wakifoka, akawasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimeelewa. Njooni kesho." Kesho yake walikuwa wamesahau waligombania nini. Ijumaa watu wakamshika mkono wakamwambia na yeye agombee. Akasema haya, kama si lazima kusimama sana.

Kura zetu ni misumari. Kila mgombea ana kopo lake tupu la vanishi nyuma ya pazia, mtu anaingia, anatupa msumari wake mmoja, anatoka. Waliobaki nje hupewa nyundo wagonge mbao, ili mlio wa msumari usimfichue mtu kopo aliloliendea. Tulipiga kelele siku hiyo mpaka jirani mwenye mbwa akaja kumtafuta Waziri wa Mambo ya Nje.

Makopo yakamwagwa mezani. Hakukuwa na haja ya kuhesabu. La Kochi lilitoa chungu, la Shemeji likatoa kiasi cha kutundikia picha. Maranda akatangaza bila kuulizwa kwamba mmoja pale ulikuwa wake, akaunyanyua hata akauonyesha, msumari wa seremala, mrefu kuliko mingine. Shemeji akampa Kochi mkono. Halafu akatoweka kati ya mabanda, na kila nilipochungulia nikamwona anazungumza na mtu mwingine, uso kwa uso, akitikisa kichwa.

Jioni tulikaa kula, Dada, mimi na yeye. Maranda naye alikuja, na matunda. Dada alimpakulia mume wake kipande kikubwa, kile cha kumliwaza mgonjwa.

Shemeji akanigeukia. "Shemeji. Wewe msumari wako uliutupa wapi?"

Ningeweza kudanganya. Dada alinikanyaga mguu chini ya meza nidanganye. "Kwa Kochi," nilisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungeitisha mkutano kila siku, na kila mkutano ungebishana na ajenda uliyoiandika mwenyewe."

Maranda akainamisha kichwa. Dada akafumba macho. Shemeji akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeongeza kitu kwenye hesabu, na ndipo nikaona kwamba macho yake yamelowa na mdomo wake unacheka.

"Nimewauliza wote," alisema. "Mmoja mmoja, kwa nini umeninyima. Yule wa kabati amesema nilimwaibisha mbele ya mteja. Waziri wa Maji amesema nina kelele. Wengine wamesema mimi mjuaji, mbishi, sijui kusikiliza. Mmoja ameniambia nina roho ngumu kuazima brashi, na kweli ninayo. Nimewasikiliza wote mpaka wa mwisho." Akajifuta uso kwa kiganja chenye vanishi. "Hakuna hata mmoja aliyetaja kule."

Dada akaondoa mguu wake juu ya wangu.

"Wamenikataa mimi mwenyewe," alisema Shemeji, akaivuta sahani katikati ili Maranda aifikie.